Jenereta Nyumbani Umeme Unapokatika: Tupange Banda Kabla ya Mashine

SOMO LA ROBO HII



Somo la robo hii linahusu kifaa kilichomo katika nyumba nyingi za wachungaji, wainjilisti na washarika wetu, na ambacho ofisi ya miradi yenyewe imewahi kukinunua na kukigawa. Ni jenereta ndogo ya petroli, ile inayobebwa na mtu mmoja au wawili. Mashine hii imetusaidia sana na hatuandiki ili kuikataa. Tunaandika kwa sababu kwa muda mrefu tumefundishana namna ya kuiwasha, tukasahau kufundishana mahali pa kuiweka.

1. Kwa nini somo hili bado linahitajika

Wengi wetu tunakumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, na ule wa mwaka 2011. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kwa takribani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika. Wakati huo mlio wa jenereta ulisikika karibu kila mtaa. Tangu bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lianze kuzalisha umeme mwaka 2024, hali ya uzalishaji imekuwa nzuri zaidi. Hata hivyo, bwawa haliwezi kuzuia mti kuangukia waya au nguzo kuoza. Umeme utaendelea kukatika mara kwa mara, hasa vijijini na wakati wa mvua, na jenereta zitaendelea kuwashwa.

2. Yaliyonipata mimi mwenyewe

Ilikuwa Novemba 2023, wakati wa mgawo. Saa mbili usiku mvua kubwa ilianza kunyesha, na jenereta yetu ilikuwa uani. Niliogopa mambo mawili: mvua kuiharibu, na wezi, kwa kuwa wiki iliyotangulia jirani yetu alikuwa ameibiwa pampu ya maji. Nikaiburuta hadi kwenye stoo iliyo kando ya jiko. Niliacha mlango wa nje na dirisha wazi, nikajiambia kwamba hewa inatosha.

Kufika saa nne mtoto wetu wa pili alilalamika kichwa, kisha akatapika. Mke wangu akasema ni malaria. Mimi pia kichwa kilikuwa kinagonga, lakini nilidhani ni uchovu wa kazi. Mke wangu aliposimama ili amchukue mtoto, aliona miguu yake haina nguvu. Tulizima mashine, tukajikokota sote hadi kwa jirani mwenye gari, tukaenda hospitali. Tulipofika, mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu kwa ile hewa ya njiani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Muuguzi alituuliza swali moja tu: "Nyumbani mlikuwa mmewasha jiko la mkaa au jenereta?"

Sote tulipona. Lakini usiku ule nilikumbuka kwamba miaka miwili kabla nilikuwa nimesaini hati za makabidhiano ya jenereta kwa nyumba kadhaa za wainjilisti. Kesho yake nilifungua faili la mradi. Bei ya mashine ilikuwemo, usafirishaji, mafuta ya kuanzia, hata picha za makabidhiano. Hapakuwa na mstari wa banda. Nilipompigia simu mwinjilisti wa kwanza na kumuuliza anaiweka wapi, alinijibu bila wasiwasi: "Jikoni, mratibu. Nje itaibiwa."

Jibu lake ndilo lililozaa somo hili. Mwinjilisti yule hakuwa mjinga, na mimi mwenye shahada nilifanya vilevile. Sote wawili tulikuwa tunalinda mali. Tukimwambia mtu "weka jenereta nje" bila kumsaidia juu ya mwizi na mvua, atatuitikia na usiku ataiingiza ndani.

3. Hatari iliyomo ndani ya moshi

Injini ya petroli inapofanya kazi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ni gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mtu akiivuta huingia katika damu na kuishika kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaendelea kuvuta pumzi kama kawaida, lakini damu haibebi tena hewa anayoihitaji.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuishiwa nguvu, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kifua na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana huchanganywa kirahisi na malaria au chakula kibaya. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Alama kubwa ya kuitambua ni hii: watu wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Tuzingatie mambo yafuatayo:

(a) Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, jikoni, stoo, gereji, wala barazani, hata kama milango na madirisha yako wazi. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi.
(b) Iwe umbali wa mita 6 au zaidi kutoka mlango au dirisha lolote, likiwemo la jirani. Hizo ni kama hatua kumi za mtu mzima.
(c) Ekzosi ielekezwe mbali na nyumba zote.
(d) Gesi hubaki ndani kwa muda hata baada ya mashine kuzimwa. Anayehisi dalili asibaki ndani akisubiri itoke.

4. Banda: jibu la mwizi na mvua

Banda zuri la jenereta ni dogo na fundi wa kijijini analiweza. Liwe na sakafu ya zege iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiifikie mashine, nguzo nne, na paa la bati lililotokeza pande zote. Kuta zake ziwe za nondo na wavu wa chuma, zisiwe za matofali, kwa sababu banda lililozibwa hukusanya moshi na joto. Mlango uwe na kufuli. Wakati wa kumwaga zege, fundi azike pete nene ya chuma ili mashine ifungwe kwa mnyororo.

Banda likae mahali panapoonekana kutoka dirishani lakini penye umbali tuliotaja. Mwizi hapendi mahali panapoonekana. Penye mvua ya upepo, wavu wa upande mmoja unaweza kuwekewa bati, pande nyingine zikabaki wazi. Mashine isiguswe kwa mikono iliyolowa.

5. Umeme usirudi kwenye nguzo

Kuna waya ambao baadhi ya mafundi huutengeneza, wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja huchomekwa kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Tunaomba kamati ziupige marufuku waya huu.

Sababu ni mbili. Kwanza, kama swichi kuu haikuzimwa, umeme wa jenereta hutoka nje kupitia mita na kufika kwenye transfoma. Transfoma ambayo kila siku hupunguza umeme wa volti 11,000 au 33,000 kuwa wa matumizi ya nyumbani, sasa huupandisha kurudi juu. Fundi aliyepanda nguzo akijua kwamba laini imezimwa anaweza kufa kwa sababu ya taa za sebuleni kwetu. Pili, plagi ya upande wa pili ikichomoka huku mashine inafanya kazi, pini zake zina umeme, na mtoto akizigusa ni hatari ya kifo.

Njia salama ni mbili. Ya gharama ndogo ni kutumia ekstensheni yenye waya mnene inayotoka kwenye jenereta hadi kwenye vifaa vyenyewe. Ikunjuliwe yote, kwa maana waya ulioviringishwa hupata moto, na isipite chini ya zulia wala kubanwa na mlango. Njia ya pili ni kufunga swichi ya chenjiova, ambayo huruhusu nyumba kupata umeme wa nguzo au wa jenereta, lakini kamwe si vyote kwa pamoja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

6. Tujue mzigo wa mashine

Jenereta nyingi huandikwa uwezo wake kwa kVA. Mara nyingi, ukizidisha kwa 0.8 unapata kilowati. Hivyo mashine ya kVA 2.5 hutoa kilowati 2, yaani wati 2,000. Ni vema kutumia robo tatu tu ya uwezo huo kwa muda mrefu, yaani wati 1,500. Pia kuna mashine zenye namba mbili. Kubwa ni ya muda mfupi tu, tufuate ile ndogo.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mchungaji. Taa 6 za wati 9 ni wati 54. Televisheni ni kama wati 80. Simu 4 zikichajiwa ni kama wati 40. Friji ikiwa inafanya kazi ni kama wati 150, ingawa inapoanza huhitaji mara tatu ya hapo au zaidi kwa muda mfupi. Jumla ni wati 324. Mzigo huu mashine inaumudu. Lakini birika la umeme peke yake linaweza kuhitaji wati 2,000, na pasi zaidi ya 1,000. Vifaa vya kupasha moto visubiri umeme urudi. Tuwashe mashine kwanza, tuiache itulie, ndipo tuchomeke vifaa kimoja kimoja tukianza na friji.

7. Mafuta na matunzo

Tusijaze petroli mashine ikiwa inawaka au ingali ya moto. Tuizime, tusubiri ipoe, tujaze mchana ikiwezekana, bila sigara, mshumaa wala koroboi karibu. Petroli ya akiba itunzwe kwenye dumu maalumu lenye mfuniko imara, nje ya nyumba ya kulala. Isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, ambayo mtoto anaweza kuinywa.

Oili ikaguliwe kila kabla ya kuwasha. Kwa mashine nyingi ndogo, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, kisha kila baada ya saa 100. Daftari la saa za kazi linasaidia sana. Mashine iwashwe angalau mara moja kwa mwezi hata umeme ukiwepo, na ikitarajiwa kukaa muda mrefu petroli imwagwe kutoka kwenye tangi na kabureta.

8. Mtu akizidiwa na moshi

Mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, pamoja na wote waliomo ndani. Kama unaweza bila kujihatarisha, zima mashine na fungua milango. Kama walio ndani wamezimia, usiingie na kukaa humo, wewe pia utaanguka. Piga kelele ya msaada na uite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Mgonjwa apelekwe kwenye kituo chenye oksijeni, kwa sababu ndiyo tiba, na mhudumu aambiwe wazi kwamba jenereta ilikuwa inawaka. Usimpe dawa ya malaria ukasubiri asubuhi.

9. Ombi letu kwa kamati na kwa wafadhili

Kuanzia sasa, ofisi ya miradi haitapokea andiko la kuomba jenereta lisilo na mistari minne: banda, mnyororo na kufuli, chenjiova au ekstensheni bora, na mafunzo ya siku moja kwa watu wote wa nyumba hiyo, wakiwemo mama na watoto wakubwa. Kamati inaweza kuchangia mchanga, kokoto na nguvu kazi.

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa mashine mlizotuwezesha kununua. Tunawaomba mtuelewe andiko linapokuja na gharama kubwa kidogo kwa idadi ndogo ya mashine. Jenereta tano zenye mabanda ni bora kuliko nane zilizofungiwa jikoni. Mkipenda kututumia kitu kidogo chenye faida kubwa, tutumieni vifaa vya betri vinavyopiga kengele gesi hii inapozidi ndani ya nyumba. Na pale ambapo nyumba inahitaji taa na simu tu, tuangalie kwanza umeme wa jua, ambao hauna moshi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Jenereta za usharika wetu na za nyumba za watumishi zinalala wapi usiku, na zinawashwa wapi mvua ikinyesha? Nani ameenda kuona kwa macho?
2. Je, kuna nyumba inayotumia waya wenye plagi pande zote mbili?
3. Banda moja litagharimu kiasi gani hapa kwetu, na sisi tutachangia nini?
4. Kituo cha karibu chenye oksijeni ni kipi, na usiku tutafikaje?

Tunaomba majibu ya swali la kwanza yaletwe kwa maandishi ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo. Nyumba ya yule mwinjilisti tayari ina banda lake. Fundi alilijenga kwa siku tatu, na mashine haijaibiwa.