Mashindano ya Poka: Namna ya Kuyapima Kabla ya Kulipa Kiingilio

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yamfaa kila mwenye kusoma bango la mashindano ya poka mlangoni pa kasino. Bango hutaja zawadi ya mamilioni kwa herufi kubwa. Halitaji kiasi cha kiingilio ambacho kasino hujikatia, wala dakika ambazo mchezaji wa kawaida atadumu mezani kabla ya fedha yake kwisha. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama mashindano yana thamani, na yote mawili yanaweza kujulikana kabla ya kulipa.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwisha kuamua kucheza. Halimshawishi asiyecheza aanze. Atakayelisoma hadi mwisho ataweza kuthibitisha uhalali wa mashindano, kukokotoa sehemu ya kiingilio inayowarudia wachezaji, na kutambua lini zawadi iliyotangazwa ni neema na lini ni pambo tu.

Mashindano huendeshwaje

Katika mashindano, mchezaji hulipa kiingilio na kupewa chipu, yaani vipande vya kuchezea, kwa idadi iliyo sawa na ya wenzake. Chipu hizo hazibadilishwi kuwa fedha. Aliyezipoteza zote hutoka, na zawadi hugawiwa wachache wanaobaki hadi mwisho. Aina inayochezwa zaidi ni Texas Hold'em: kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 za wote huwekwa wazi mezani. Katika kila mgao wa karata, wachezaji wawili huweka dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa. Madau hayo hupanda kila baada ya muda maalumu uitwao ngazi, ili mchezo usikose mwisho.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika poka mchezaji hashindani na kasino, bali na wachezaji wenzake. Kasino hupata chake kutokana na ada inayokatwa katika kiingilio. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi mwerevu si "Mshindi atapata nini?" bali "Ninakatwa kiasi gani?"

Leseni hutangulia hesabu

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Asiyetimiza umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kabla ya jambo lolote, hakikisha kwamba mashindano yanafanyika ndani ya kasino yenye leseni iliyo hai, na kwamba fedha inapokelewa na kasino yenyewe kwa risiti. Mashindano ya nyumbani kwa mtu au katika baa, ambayo kiingilio chake hutumwa kwa njia ya simu kwenye namba ya mtu binafsi, hayana wa kumwajibisha pale mwandaaji anapotoweka na mfuko wa zawadi. Hata yawe na masharti mazuri kiasi gani kwenye karatasi, hayastahili kupimwa zaidi ya hapo.

Kiingilio hugawanywaje

Omba karatasi ya masharti. Humo kiingilio huandikwa kwa sehemu mbili: inayokwenda kwenye mfuko wa zawadi na inayobaki kwa kasino. Pasipo mgawanyo huo, uliza. Na usipojibiwa waziwazi, hifadhi fedha yako.

Chukua mfano wa kubuni wa mashindano mawili, kila moja kwa kiingilio cha shilingi 100,000. Katika mashindano A, shilingi 75,000 huenda kwenye zawadi na 25,000 kwa kasino. Katika mashindano B, shilingi 88,000 huenda kwenye zawadi na 12,000 kwa kasino. Wakiingia watu 40, mfuko wa A utakuwa shilingi 3,000,000 na wa B shilingi 3,520,000. Wachezaji ni wale wale na fedha waliyotoa ni ile ile, lakini tofauti ni zaidi ya nusu milioni.

Sasa mfikirie mchezaji wa uwezo wa wastani anayecheza mara 4 kwa mwezi. Kwa wastani, makato ya A yatamgharimu shilingi 1,200,000 kwa mwaka, na ya B shilingi 576,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya burudani yake kabla ya nauli na chakula. Ili apate faida, lazima awazidi wenzake kwa ustadi unaotosha kufidia makato hayo. Na kadiri makato yanavyokua, ndivyo ustadi unaohitajika unavyozidi kuwa adimu.

Zawadi "hadi" na zawadi iliyohakikishwa

Tuseme bango la A limeandikwa "Zawadi hadi shilingi milioni 5". Neno "hadi" halimfungi mtu. Kwa kuwa kila kiingilio huchangia shilingi 75,000, mfuko hautafika milioni 5 mpaka vipatikane viingilio 67. Wakija watu 40, zawadi ni milioni 3, na hakuna ahadi iliyovunjwa.

Tuseme bango la B limeandikwa "Zawadi iliyohakikishwa shilingi milioni 3". Hii ni ahadi: viingilio visipotosha, kasino hujazia pengo kwa fedha yake. Wakiingia watu 25 tu, michango yao ni shilingi 2,200,000 na kasino itaongeza 800,000. Fungu la wastani la kila mchezaji ni shilingi 120,000, ilhali amelipa 100,000. Hapo, na karibu hapo tu, mchezaji wa kawaida hukaa mezani hesabu ikiwa upande wake.

Kanuni ya kukokotoa ni nyepesi: gawanya zawadi iliyohakikishwa kwa kiingilio kizima. Milioni 3 kwa 100,000 ni 30. Viingilio vikiwa chini ya 30, nyongeza ya kasino huzidi makato yake. Kuanzia 30 hadi 34 nyongeza ipo, lakini haizidi makato. Vikifika 35 dhamana imejitosheleza, na mashindano hayo sasa ni kama mengine yoyote.

Kwa sababu hiyo, mashindano yenye thamani mara nyingi hayapatikani usiku ambao ukumbi umefurika. Hupatikana siku ya katikati ya juma, au jioni ya mvua kubwa, pale dhamana imetangazwa na watu ni wachache. Kasino nyingi huruhusu kujiandikisha hata baada ya mchezo kuanza, kwa hiyo unaweza kupiga simu au kufika ukumbini na kuuliza idadi ya viingilio kabla ya kulipa. Uliza viingilio, si watu. Aliyeingia mara tatu amechangia mara tatu. Kumbuka pia kwamba idadi hiyo inaweza kupanda hadi dakika ambayo dirisha la usajili linafungwa. Hatimaye, soma kama masharti yanairuhusu kasino kuahirisha mashindano au kuondoa dhamana watu wasipotimia. Dhamana ya namna hiyo ni "hadi" iliyovishwa joho.

Je, utapata nafasi ya kucheza?

Fedha ikiwa sawa, pima muda. Gawanya chipu za kuanzia kwa dau kubwa la lazima. Katika A, mchezaji huanza na chipu 5,000 na dau kubwa ni 200. Ana madau 25. Katika B huanza na chipu 20,000 kwa dau lile lile. Ana madau 100.

Kisha tazama urefu wa ngazi. Ngazi za A ni dakika 10, na dau kubwa hupanda kutoka 200 hadi 400, 600, kisha 800. Baada ya nusu saa, aliyetunza chipu zake 5,000 zote ana madau 6 na robo tu. Mezani penye mgawa karata, saa moja hutosha kwa takriban migao 25 hadi 30. Kwa hiyo mchezaji huyo ameona karata mara 15 hivi, na tayari hana budi kutupa kila alichonacho na kuomba bahati. Ngazi za B ni dakika 25, na dau la pili ni 300. Baada ya nusu saa ile ile, mwenye chipu 20,000 bado ana madau 66. Anaweza kusubiri, kukosea na kujirekebisha.

Mashindano ya haraka si haramu. Yamfaa anayetaka burudani fupi kwa kiingilio kidogo. Kosa ni kulipa bei ya mchezo wa ustadi na kuuziwa mchezo wa bahati.

Gharama zilizojificha

Baadhi ya mashindano huruhusu aliyetoka alipe kiingilio cha marudio, au auziwe chipu za nyongeza wakati wa mapumziko. Ikiwa wengi mezani hununua nyongeza, asiyenunua hubaki nyuma. Basi bei ya kweli si ile iliyo kwenye bango, bali ni hiyo pamoja na nyongeza. Uliza pia kama marudio hukatwa ada upya, kama bakshishi ya wafanyakazi hutolewa katika mfuko wa zawadi, na kama zawadi iliyotajwa ni kabla au baada ya kodi. Viwango vya kodi ya zawadi hubadilika kwa sheria za fedha, kwa hiyo taka jibu la siku hiyo. Mwisho, hesabu nauli ya kurudi usiku wa manane.

Ni busara kufika siku moja kutazama bila kucheza. Angalia kama ngazi hupanda kwa saa inayoonekana na wote, kama mgao wa zawadi hutangazwa usajili unapofungwa, na kama msimamizi wa mashindano huamua migogoro kwa kanuni zilizoandikwa. Angalia pia wachezaji wenyewe: meza iliyojaa mabingwa huweza kuwa ghali kuliko makato yoyote.

Wengi hutoka mikono mitupu

Mashindano makubwa ya dunia, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970. Mwaka 2003, katika shindano lake kuu, Chris Moneymaker alijinyakulia dola milioni 2.5 baada ya kupata nafasi yake kupitia mchujo wa gharama ndogo katika intaneti. Habari hiyo iliwavuta maelfu kwenye poka. Isiyosimuliwa sana ni kwamba walioingia walikuwa 839, na waliolipwa ni 63. Watu 776 walitoka bila kitu, ingawa asilimia 93 ya viingilio vyote ilirudi kuwa zawadi.

Hata katika mashindano yanayomlipa mmoja kati ya kila kumi, mchezaji wa wastani akiingia mara 10 ana uwezekano wa takriban asilimia 35 wa kukosa zawadi mara zote 10. Hilo halimaanishi kwamba ameibiwa, wala kwamba bahati yake "imeiva". Mara ya 11 haikumbuki zile zilizotangulia.

Kwa hiyo tenga fedha ya mchezo kwa mwezi kabla mwezi haujaanza, baada ya kodi ya nyumba, ada ya shule na chakula. Ikiisha, mchezo umekwisha hadi mwezi ujao. Usikope ili kuingia, na usirudie kiingilio kwa kusudi la kufidia kilichopotea. Ukijikuta unaficha risiti nyumbani, hesabu zote za somo hili hazikufai tena. Iombe kasino isikupokee, na utafute msaada wa mshauri au mtu unayemwamini.

Ukipata mgogoro

Hifadhi risiti, picha ya bango na karatasi ya masharti. Peleka lalamiko kwanza kwa msimamizi wa mashindano papo hapo, kisha kwa meneja wa kasino. Usiporidhika, liandikie Bodi ukitaja tarehe, saa, namba ya meza na kiasi cha fedha, pamoja na nakala za vielelezo. Lalamiko lenye karatasi huchunguzika. Lisilo na karatasi hubaki neno la mmoja dhidi ya mwingine.

Zoezi la kujipima

Kiingilio ni shilingi 50,000, na kati yake 42,000 huenda kwenye zawadi. Zawadi iliyohakikishwa ni shilingi milioni 2.

1. Kasino hukata asilimia ngapi ya kiingilio?
2. Viingilio vikiwa 30, kasino itaongeza kiasi gani, na fungu la wastani ni kiasi gani?
3. Viingilio vikiwa 60, dhamana ina faida gani kwa mchezaji?

*Majibu:* (1) Asilimia 16. (2) Michango ni shilingi 1,260,000. Kasino itaongeza 740,000. Fungu la wastani ni takriban shilingi 66,667, yaani zaidi ya kiingilio. (3) Haina faida, kwa kuwa michango imefika shilingi 2,520,000 na kasino haiongezi kitu. Kiwango cha kukumbuka ni viingilio 40: chini ya hapo, hesabu iko upande wa mchezaji, kuanzia hapo na kuendelea, analipia burudani yake kama wengine.