"Yataota mengine": kauli inayoozesha meno ya watoto wetu

Mwalimu yeyote wa madrasa anayefundisha watoto wadogo katika mji kama Dar es Salaam atakuwa amekutana na hali hii. Mtoto wa miaka minne analetwa, ana akili nyepesi, anashika haraka, alif na baa zinapita bila taabu. Akifika kwenye thaa mambo yanakwama. Wanazuoni wa tajwidi wametufundisha kuwa thaa, dhaal na dhwaa hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na kwamba faa hutoka pale mdomo wa chini unapogusana na meno hayo hayo. Mtoto huyu meno hayo hana. Palipokuwa na meno pamebaki visiki vyeusi, na huko nyuma kwenye magego kuna mashimo. Hapa hatuzungumzii pengo la mtoto wa miaka sita au saba ambaye jino lake limeng'oka kwa wakati wake. Pengo hilo ni la muda mfupi. Tunazungumzia mtoto ambaye atasubiri miaka kama mitatu hivi kabla hajaona jino jipya la mbele.

Ukimuuliza mzazi, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: "Ustadhi, hayo si ya utoto tu? Yataota mengine." Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba utaisikia kwa msomi na asiye msomi, kwa mwenye gari na kwa mpanda daladala. Ukweli ni kwamba haina msingi, si katika elimu ya afya wala katika mafunzo ya dini yetu.

Tuanze na hesabu. Meno ya utoto ni 20. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi, na kufikia miaka miwili na nusu au mitatu yote huwa yamekamilika. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka sita, lakini magego ya utoto hubaki kinywani mpaka mtoto afikishe miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo gego linalooza mtoto akiwa na miaka mitatu lilikuwa bado na kazi ya miaka saba au zaidi ya kutafuna chakula. Chini ya kila jino la utoto, ndani ya taya, kuna jino la ukubwani linalojengwa. Jino la juu likioza mpaka likatunga usaha, usaha huo unaweza kuliharibu lile la chini kabla halijatoka. Na likiwahi kung'olewa, majirani zake husogea na kuziba nafasi, ndipo lile la ukubwani linapotoka limepinda au limepanda juu ya jingine.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwenye miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto, huota gego jipya bila ya jino lolote kung'oka. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, mzazi hudhani nalo ni la utoto. Si la utoto hata kidogo. Hilo ndilo gego la kwanza la ukubwani, na likioza hakuna jingine litakalokuja kuchukua nafasi yake. Mtoto ambaye kinywa chake kimejaa meno mabovu analipokea gego hili katika mazingira mabaya, na ndiyo maana si ajabu kumkuta kijana wa miaka kumi ambaye gego lake la maisha limekwishatoboka.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Lakini wingi wa wagonjwa haufanyi ugonjwa kuwa jambo la kawaida la kuachwa lilivyo.

Je, jino linaozaje? Mtaani tumelishwa habari za mdudu anayekula jino, na wapo wanaouza dawa ya kumtoa. Mdudu huyo hayupo. Kilichopo ni bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye utando unaoganda juu ya meno. Mtoto akila kitu chenye sukari, nao hula, na ndani ya dakika chache hutoa tindikali inayolainisha gamba gumu la jino. Mate huja kuiosha tindikali hiyo na kurudisha madini yaliyopotea, ila kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima. Gamba la jino la utoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, hivyo shimo hufika ndani upesi.

Ukilielewa hilo utaona kuwa suala si kiasi cha sukari tu, bali pia ni mara ngapi inaingia kinywani. Mtoto aliyekula kipande cha kashata baada ya chakula cha mchana, basi, ameyapa meno yake shambulio moja. Mwenzake aliyenunuliwa ubuyu wa rangi akawa anaumung'unya kutoka nyumbani mpaka madrasa, akanunua barafu ya mfuko wakati wa mapumziko, na akarudi nyumbani na pipi mdomoni, meno yake hayakupata nafasi ya kupumua mchana kutwa. Na tuseme kweli, wauzaji wa vitu hivyo wanajua pa kuweka meza zao: mlangoni mwa shule na mlangoni mwa madrasa. Kamati zetu za misikiti zinazoweza kumzuia mtu asiegeshe gari mbele ya lango zinashindwa nini kumsogeza muuza pipi?

Hata hivyo, kinachoyamaliza meno ya mbele ya juu kabla mtoto hajafikisha miaka mitatu mara nyingi si pipi. Ni chupa ya kulalia. Mama amechoka, mtoto analia, anapewa chupa ya maziwa yenye sukari, au juisi, au uji mwepesi uliokolezwa sukari, analala nayo mdomoni. Usiku mate hupungua, na kile kinywaji hukaa kikiyaogesha meno ya juu kwa saa nyingi. Meno ya chini hukingwa na ulimi, ndiyo maana utayakuta mazima wakati ya juu yamekwisha. Chupa ya usiku, ikiwa ni lazima, iwe na maji matupu. Na mtoto aliyefikisha mwaka mmoja afundishwe kunywa kwa kikombe.

Hapa baadhi ya akina mama huuliza kuhusu kunyonyesha, kwani Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Maziwa ya mama ni rehema na asikatishwe mtoto kwa ajili ya hofu hii. Linalotakiwa ni kuyasafisha meno yake tangu yanapochomoza, hasa kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja ambaye bado ananyonya usiku kucha na huku mchana anakula vyakula vingine.

Wengine hudhani kuwa asali na tende, kwa kuwa zimetajwa kwa heri katika dini, haziwezi kudhuru meno. Asali imetajwa kuwa na shifaa katika Suratun Nahl, nasi tunaamini hivyo. Lakini kuchovya chuchu ya bandia kwenye asali na kumwachia mtoto aifyonze ni jambo jingine kabisa. Kwa bakteria wa kinywani asali ni sukari, na tende inayonasa kwenye magego ni sukari. Tena kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja madaktari wanakataza asali kabisa, kwani yaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu tumboni mwake, na sumu hiyo ikamlegeza misuli hata ya kupumulia.

Sasa tuje kwenye mswaki. Sisi Waislamu hatukupaswa kufundishwa jambo hili na mtu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau si kuhofia kuutia umma wake uzito angewaamrisha mswaki kwa kila swala. Imepokewa kuwa alipoingia nyumbani kwake jambo la kwanza lilikuwa mswaki, na alipoamka usiku alisafisha kinywa chake kwa mswaki. Hata katika saa zake za mwisho hapa duniani, Bibi Aisha (r.a.) alimlainishia mswaki uliokuwa mkononi mwa ndugu yake Abdurrahman, naye akautumia. Sisi wa Pwani tumelichukua neno hilohilo la Kiarabu mpaka kwenye brashi ya plastiki ya dukani, nayo tunaiita mswaki. Jina tunalo.

Tunachokosa ni kuipeleka sunna hii kwenye kinywa cha mtoto. Mzazi anayechukua mswaki kila alfajiri anamwacha mtoto wa miaka mitatu ajisukutue mwenyewe mara moja asubuhi, na hapo anaona amemaliza. Mtoto wa umri huo hawezi. Mkono wake bado haujawa na ustadi wa kufikia magego ya nyuma, na madaktari wa meno wanashauri mzazi amswakie mtoto, au asimamie kwa karibu, mpaka kwenye miaka saba au minane. Tazama basi: hata swala, Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto wakifikia miaka saba. Mtoto ambaye hajafika umri wa kuamrishwa swala tunamwachiaje jukumu la kinywa chake?

Namna yenyewe ni rahisi. Mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako ili uone ndani, inua mdomo wa juu kwa kidole, swaki taratibu kila upande kwa muda wa dakika mbili. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na ile ya usiku, kabla ya kulala, ndiyo ya lazima zaidi. Baada yake asile kitu wala asinywe chochote isipokuwa maji. Ukiinua huo mdomo angalia karibu na fizi. Ukiona mstari au madoa meupe kama chokaa, hapo ndipo uozo unapoanzia. Madoa hayo hayaumi, na yakiwahiwa yanaweza kurudi nyuma. Yakishageuka kahawia na kubonyea, muda huo umepita.

Dawa ya mswaki nayo iangaliwe. Kinachosaidia ndani yake ni madini ya floraidi, na inayofaa ni ile yenye angalau 1,000 ppm. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo. Zipo dawa zenye picha za katuni ambazo kiwango chake ni nusu ya hapo au chini zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kiasi ni kama punje ya mchele, na kuanzia miaka mitatu hadi sita ni kama punje ya njegere. Atemee povu, asisukutue sana kwa maji, na asiachiwe tyubu ailambe. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa wasomaji wetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, au wa Nakuru huko Kenya, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Huko meno hutoka na rangi ya kahawia kwa ajili ya maji, na mzazi amuulize daktari wa meno kabla ya kuamua.

Na mswaki wa mti? Ni sunna, na shirika hilohilo la afya liliuhimiza mwaka 1986 kwa jamii zilizouzoea. Mtu mzima anayejua kuutumia anajisafisha vizuri. Kwa mtoto mdogo, mti ule ni mgumu na haufiki nyuma, kwa hiyo brashi laini yenye dawa ndiyo imfae, na mti apewe akikua.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulipita. Watu walewale wanaoyaacha meno mabovu yaoze, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha hukubali achimbuliwe fizi kutolewa kinachoitwa "meno ya nailoni". Habari hizi zilianza kusikika nchini mwetu miaka ya 1980. Kile cheupe anachokitoa mganga kwa kisu au spoku ya baiskeli ni chonge la mtoto ambalo bado halijakomaa, jino zima alilopewa na Mola wake. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizi, na wapo waliofariki, huku ile homa na kuharisha, ambayo ndiyo iliyohitaji maji ya chumvichumvi na hospitali, ikiwa haijatibiwa.

Kwa aliye na mtoto ambaye meno yamekwishatoboka, dawa ya kutuliza maumivu hunyamazisha tu. Shavu likivimba na homa ikapanda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri Jumatatu. Yasiyofikia hapo huweza kuzibwa, na si lazima mashine ya kutoboa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa kwa dakika chache juu ya jino lililooza na kusimamisha uozo. Muulize daktari wa meno kama anayo. Atakueleza kuwa sehemu iliyooza itageuka nyeusi tii baada ya kupakwa, nawe usishtuke wala usirudi kudai fedha zako. Weusi huo unabaki, na jino linaendelea kutafuna mpaka siku yake ya kung'oka ifike.