Mavuno Yanapopotea, Msipoteane

Somo: Tobiti 2:9 – 3:6



Sisi wa Voi, Mwatate, Sagalla na Kasigau jambo hili twalijua. Mume na mke wamelima, wamepalilia, mahindi yamebeba. Usiku mmoja ndovu wanatoka Tsavo, na asubuhi yamebaki mabua. Au mvua yenyewe inakataa, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo. Karo ya mtoto ilikuwa humo shambani. Mabati ya nyumba pia.

Hasara hiyo huletwa na ndovu au jua. Hasara ya pili twaileta wenyewe. Mume anasema, "Si nilikwambia shamba lilindwe?" Mke anajibu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Siku tatu hawasemezani, na watoto wanaona.

Tobiti na Ana

Tobiti alikuwa mwadilifu, aliyesaidia maskini na kuzika maiti waliotupwa. Hata hivyo alipofuka. Mkewe Ana akafanya kazi ya kufuma ili wapate riziki. Siku moja waajiri walimlipa ujira wake, wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia, alidhani ameibwa, akaamuru arudishwe. Ana naye akamuuliza kwa uchungu sadaka zake zimemfaa nini.

Angalieni vizuri. Tobiti alizoea kulisha wengine, sasa analishwa. Ni aibu iliyomfanya amshuku mkewe. Ana naye alikuwa amechoka, wala hakushukuriwa. Je, haya hayapo kwetu, mke anapouza nyanya sokoni na kurudi na unga, kisha mume aulize pesa zimetoka wapi?

Baada ya ugomvi huo Tobiti alilia, akasali. Alimwomba Mungu hata afe! Mungu hakumkemea. Sala yake ilisikiwa, ingawa macho yake yalifunguliwa baadaye sana, mwana wao aliporudi kutoka safari (sura ya 11). Basi imani si kujifanya hatuumii. Imani ni kumpelekea Mungu maumivu yetu, na kungoja bila kuumizana.

Fanyeni hivi

1. Hesabuni hasara pamoja. Msianze kwa kutafuta mwenye makosa.

2. Salini kwa sauti, kila mmoja kwa maneno yake. Mwenzako atasikia uchungu ambao hujaweza kumwambia.

3. Shukuruni kwa kilicholetwa nyumbani, hata kikiwa kidogo.

4. Msikae bure. Ripotini uharibifu kwa KWS. Sheria ya wanyamapori ya 2013 yataja fidia, ingawa kungoja huwa kurefu. Huko Sagalla wako wakulima waliotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa maana ndovu huogopa nyuki, na asali huuzwa. Zungumzeni jambo hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Maswali ya kujadili nyumbani

– Ni tumaini gani letu lililovunjika ambalo hatujawahi kulizungumzia?

– Ni lini nilimshuku mwenzangu badala ya kumshukuru?

Mbele ya altare hamkuahidiana mavuno. Mliahidiana uaminifu, katika raha na katika taabu. Ahadi hiyo ndovu hawawezi kuikanyaga, ila ninyi wenyewe mkiiacha bila mlinzi. Mungu awabariki.