Kuizoea Taarab Asilia

SWALI: Mimi na jamaa zangu, wengine Nachingwea na wengine Ruangwa, twataka kuifahamu taarab asilia. Tuanzie wapi?

JIBU: Kila siku baada ya sala ya isha sikilizeni wimbo mmoja tu, ule ule, wa Nachingwea kwao na wa Ruangwa kwao, kisha mpigiane simu kuarifiana kila mtu alichokisikia. Anzeni na bashrafu, muziki usioimbwa, za Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905. Mara ya kwanza sikio liifuate ganuni, ambayo nyuzi zake hupigwa kwa vidole vya shahada vilivyovikwa pete, mara ya pili lifuate fidla, na hapo ndipo itakapowabainikia kwamba ala zote zapita njia moja, kila moja ikiipamba kwa namna yake. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, nawashauri mmcheleweshe kidogo, kwani santuri zile za kale zina mkwaruzo, na sikio lisilozoea huchoka upesi. Na asiyependezwa na wimbo aseme wazi, kwa sababu mabishano yanayozuka huwarudisha wengine kuusikiliza tena.