Mashua, upepo na mtoto mdogo: vidokezo 9 vya safari za pwani

Watoto wa Pate, Wasini, Tumbatu na Mafia hupanda chombo kabla hawajajua kutembea. Kwao bahari ndiyo barabara ya kliniki, ya harusini na ya kwa bibi. Familia nyingine huipanda mara chache tu, wakati wa likizo, kwa hamu ya kuona visiwa. Nawaandikia wote, na jambo moja nalishikilia: mtoto mdogo hulindwa zaidi na maamuzi yanayofanywa ufukweni, kabla tanga halijatwekwa, kuliko na ushujaa wowote huko mbele.

1. Chagua msimu kabla ya kuchagua tarehe

Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, huvuma kwa nguvu na kuichafua bahari iliyo wazi: mkondo wa Pemba, nje ya miamba ya Lamu, njia ya kwenda Mafia. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huja na joto na anga safi, ingawa Januari huweza kukaza mpaka mabaharia wenyewe wakasubiri. Masika ni mvua na mawingu ya ghafla. Mimi mtoto mdogo ningemsafirisha Oktoba au Novemba, wakati wa matlai, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inatulia. Vinginevyo, ningengoja mwisho wa kaskazi.

Siku yenyewe ikifika, ondokeni asubuhi. Upepo huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda, na safari iliyokuwa raha saa moja huweza kuwa mateso saa nane mchana. Sikiliza utabiri pia. Mamlaka ya hali ya hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha, hata kama pilau imeshapikwa upande wa pili.

2. Tazama mwezi

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hupwa sana: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Tena kwenye sehemu kubwa ya pwani hii, maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao familia nyingi zenye watoto ndiyo kwanza zimemaliza kufungasha. Mkichelewa, mtatembea kwenye matope na mawe mkiwa mmembeba mtoto, au mashua itapwelewa njiani nanyi mngoje maji juani.

Maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, huwafaa zaidi wenye watoto. Hujaa katikati ya asubuhi na mikondo yake ni mipole. Ila mwulize nahodha kama njia yenu inapitika, kwani siku hizo maji hayajai sana kama siku za bamvua. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ambako hupita boti za kwenda Pate, una maji machache, na wasafiri wa huko hupanga safari zao kwa kuyafuata maji.

3. Kikague chombo, hesabu vichwa

Mwamkie nahodha, kisha uliza bila haya: mnabeba watu wangapi leo? Maboya yako wapi? Kuna injini, na mafuta yanatosha kwenda na kurudi? Tazama ngama: maji kidogo chini ya mbao ni kawaida, maji yanayofuliwa kabla ya kuondoka si kawaida. Tazama pia ubavu umebaki kiasi gani juu ya maji baada ya abiria wote na magunia kuingia.

Ukiona kimejaa, shuka. Hapa sina lugha ya upole. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka. Pwani yetu ililia kwa misiba hiyo miwili, na wazazi tuna haki kamili ya kukataa chombo kilichozidiwa. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

4. Jaketi okozi liwe la mtoto mwenyewe

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto: akiingia majini, lenyewe hupanda juu naye huchomoka chini. La mtoto huandikwa kilo linazobeba, na lina mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisivuke kichwani. La mtoto mchanga linapaswa pia kuwa na kola pana inayoinua kichwa, na kishikio nyuma ya shingo cha kumnyakulia. Mvalishe, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa. Mjaribishe siku moja kabla, kwenye maji ya magotini, mkicheza. Mtoto aliyelizoea jaketi hatalia kulivaa.

Mtoto ambaye hajaweza kukaza shingo, au ambaye hakuna jaketi linalomtosha, safari ya starehe kwa mashua ndogo imsubiri. Najua mama wa kisiwani anayekwenda kliniki hana hiari hiyo. Kwake naomba achague boti kubwa zaidi iliyopo, siku tulivu, na asisafiri peke yake.

5. Mbeleko ifunguliwe

Nchi kavu, kanga mgongoni haina mpinzani. Ndani ya mashua mambo hubadilika: chombo kikipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni hutangulia chini ya maji bila mama kumwona. Kumfunga kwa kamba kwenye mashua ni hatari vilevile. Mpakate, akiwa na jaketi lake. Na kila mtoto awe na mtu mzima wake, aliyetajwa kwa jina kabla ya kuondoka. "Sote tunamwangalia" huishia kuwa hakuna anayemwangalia.

Wakati wa kupanda, mzazi aingie kwanza, akae, ndipo apokee mtoto mikononi mwa mtu aliyesimama imara. Mizigo ifuate baadaye.

6. Kaeni katikati, chini

Omo hupiga mawimbi na kurusha maji, na tezi hukusanya moshi wa injini. Katikati ndiko kunakoyumba kidogo zaidi. Kwenye chombo cha tanga, mwombe nahodha awaonyeshe foromali na kamba hupita wapi anapogeuza, na akupe ishara kabla.

7. Kivuli, kofia, nguo kavu

Jua la baharini huchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Chini ya miezi 6, mtoto hulindwa kwa kivuli na nguo nyepesi za mikono mirefu, si kwa mafuta ya jua. Watu husahau upande wa pili: mtoto aliyelowa na kupigwa na upepo hupoa haraka hata Mombasa. Beba nguo mbili kavu na kanga tatu ndani ya mfuko usioingiza maji, na simu iwe humo humo.

8. Tumbo

Walio chini ya miaka 2 huchafukwa na bahari mara chache. Wakubwa wao ndio hutaabika. Dalili ya kwanza ni ukimya: aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza, anapiga miayo, anapauka. Mwonyeshe upeo wa bahari au kisiwa cha mbali, mpe maji kidogo kidogo, mwache apate upepo. Dawa ya kutapika usimpe bila kumwuliza daktari. Kabla ya safari, chakula chepesi kama ndizi au mkate mkavu kinatosha. Wa kunyonya anyonye kila anapotaka; chini ya miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto.

9. Anzeni na safari fupi

Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kivuko kifupi, na upande wa pili kuna magofu ya msikiti mkuu na kivuli cha kupumzikia. Kwa walio Lamu, nawapendekezea Takwa, kisiwani Manda: njia inapita ndani ya mikoko, kwenye maji matulivu, na watoto wana ndege na kaa wa kutazama. Hufikika maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo ingieni yakiendelea kujaa, mwulizeni nahodha saa ya mwisho ya kutoka, na anzeni kuwakusanya watoto nusu saa kabla yake.