Sikio Jipya Nyumbani: Kijitabu cha Familia za Kitale na Bungoma

Siku kifaa kinapowashwa

Wengi wetu tumeona kwenye simu video ya mtoto anayewashiwa kifaa cha kusikia, anatabasamu, na mama analia kwa furaha. Siku yenu huenda isiwe hivyo. Mtoto anaweza kuangua kilio na kung'oa kile kidude kichwani, au akaendelea kuchezea kamba za viatu vyake kana kwamba hakuna lililotokea. Baba aliyepoteza kusikia ukubwani anaweza kusema anasikia milio tu, au sauti kama za katuni, kama redio ambayo haijashika stesheni, na hatofautishi sauti ya mkewe na ya binti yake. Msivunjike moyo, wala asitokee mtu wa kusema pesa zimepotea. Kwa wengi ndivyo inavyoanza.

Sababu iko ndani ya sikio. Humo mna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, wenye vinyweleo zaidi ya 10,000 vinavyogeuza sauti kuwa umeme mdogo unaokwenda kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, rubela wakati wa mimba, baadhi ya sindano kama jentamaisini, au urithi wa ukoo vinaweza kuharibu kusikia, na vinyweleo hivyo vikifa havioti tena. (Mama asilaumiwe. Uziwi wa mtoto si laana wala si adhabu ya mtu yeyote.)

Kipandikizi, yaani kifaa hicho kinachowekwa kwa upasuaji, huviruka vinyweleo hivyo. Maikrofoni nyuma ya sikio hunasa sauti, prosesa huigeuza kuwa ishara, na kisahani chenye sumaku kinachokaa kichwani huipitisha ngozini hadi kwenye kipokezi alichokiweka daktari. Kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi kati ya 12 na 22, kutegemea aina, husisimua mshipa wa kusikia. Kazi ya maelfu ya vinyweleo sasa inafanywa na vituo vichache hivyo. Ubongo unapaswa kujifunza kuusoma umeme huo upya, na shule yake ni jikoni kwenu, shambani na kwenye mkeka wa kulalia. Daktari hupasua kwa saa chache. Nyinyi mtafundisha kwa miaka.

Umri wa masikio

Hesabuni umri wa masikio kuanzia siku ya kuwashwa. Mtoto wa miaka 3 aliyewashiwa kifaa mwaka jana ana masikio ya mwaka mmoja. Msimlinganishe na binamu yake wa rika moja anayesimulia hadithi. Mlinganisheni na mtoto anayeanza kusema "mama" na "maji". Waliowekewa mapema, hasa kabla ya miaka 2 au 3, ndio hufika mbali zaidi katika kusema. Mtu mzima aliyewahi kusikia huona nafuu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza. Aliyezaliwa kiziwi akawekewa ukubwani anaweza kusikia mlango ukibishwa au honi ya matatu, lakini kuelewa maneno bila kutazama midomo mara nyingi humshinda. Familia iambiwe ukweli huo kabla ya upasuaji.

Kifaa kivaliwe saa zote za kuwa macho. Mtoto anayekivaa kanisani na siku za wageni tu hatajifunza kusikia. Akikivua mara ishirini, mrudishie mara ishirini, kwa upole, kisha mpe cha kuchezea.

Sauti sita za asubuhi

Mtaalamu Daniel Ling aliacha kipimo rahisi ambacho mama yeyote anaweza kukifanya kabla ya chai: a, i, u, sh, s, m. Bahati yetu ni kwamba zote zimo katika Kiswahili. Keti nyuma ya mtoto, karibu, asikuone mdomo. Mpe bakuli tupu na maharagwe machache. Mwonyeshe kwanza: ukisikia "aaa", harage moja bakulini. Kisha nyamaza kidogo, maana akizoea mwendo wa sauti atakisia. Sema "sss". Usiinue sauti kuliko kawaida yako.

Harage likianguka kwa sauti zote sita, kifaa kinafanya kazi na siku ianze. Jana alisikia "sh" na "s" na leo hasikii hata moja kati ya hizo? Kagueni betri, waya, na maikrofoni kama imeingia uchafu. Mtoto mdogo hawezi kuwaambia kwamba betri imekwisha. Hilo harage ndilo litakalowaambia.

Ongea naye kwa lugha gani?

Kwa lugha unayobembelezea na kukemea. Ikiwa ni Kibukusu, Kisabaot, Kiturkana au Kiswahili, basi iwe hiyo. Mzazi anayejilazimisha Kiingereza cha shida humpa mtoto maneno machache, na sikio jipya linahitaji maneno mengi. Mtoto asikie "mulembe" kutoka kwa nyanya kila asubuhi mpaka alijue neno hilo bila kuangalia uso.

Kibukusu, kama lugha nyingi za Kibantu, hutumia kupanda na kushuka kwa sauti, na hapo ndipo kifaa kina udhaifu. Hata hivyo maana hubebwa na mengi: neno lenyewe, mahali lilipotamkwa, mkono unaoonyesha. Muziki nao uko hivyo hivyo. Mapigo ya ngoma humfikia vizuri, lakini nyimbo za litungu, ala yetu ya nyuzi, zinaweza kumjia kama kelele iliyochanganyika, hasa mwanzoni. Mzee aliyependa litungu maisha yake yote ataumia kwa hilo, na tumruhusu aumie. Aanze na wimbo anaoujua kwa moyo, ala moja, mwimbaji mmoja.

Lipeni kila tukio jina lake, sauti ikitangulia kidole. Jogoo akiwika, simama, gusa sikio lako: "Umesikia?" Subiri. Halafu: "Ni jogoo." Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, acheni somo, kwa kuwa hakuna neno litakalopenya. Onyesheni juu: "Mvua! Mvua kubwa!" Yeye pia ajue kwamba kelele ile ina jina.

Kelele na barabara

Kwa mwenye kipandikizi, kelele ndiyo adui mkubwa. Zimeni redio na runinga mnapozungumza. Sogea karibu, mita moja au pungufu, upande wenye kifaa, badala ya kupaza sauti kutoka jikoni. Karibu na mashine ya kusaga mahindi, au kwenye sherehe za tohara za Agosti wakati chinyimba, kengele za tohara, zinalia na watu wanaimba, hata mtu mzima aliyezoea atachoka. Mpe nafasi ya kutoka nje apumzike. Mwalimu aombwe kumkalisha mbele, mbali na dirisha la barabarani.

Mwenye kifaa upande mmoja husikia bodaboda lakini hajui inatokea wapi. Ameshajua kuna hatari, ila anaweza kugeukia upande usiofaa. Kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, mshike mkono mtoto, na umfundishe kusimama na kuangalia pande zote mbili kila mara, hata kama "anasikia sasa".

Kutunza kifaa

Vua prosesa kabla ya kuoga na kulala. Usiku iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko lenye chembe za kukausha unyevu, hasa miezi ya mvua. Stima hupotea, kwa hiyo wanaotumia betri za kuchaji wawe na akiba ya betri za kutupa kama kifaa chao kinazikubali, au njia nyingine ya kuchajia. Betri za kutupa zifungiwe mbali na watoto. Betri ikimezwa, kimbilieni hospitali wakati huo huo.

Kabla ya upasuaji, ulizeni swali ambalo wengi hulisahau kwa furaha: waya ukikatika mwaka wa tatu, nani atanunua mwingine, na utatoka wapi? Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 400. Ulizeni pia kama marekebisho yanaweza kufanyika karibu zaidi. Kwa wengi wa huku, safari ya masikio huanzia hospitali ya rufaa ya kaunti, kisha kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya Moi, Eldoret.

Kadi ya kipandikizi isiachwe nyumbani. Mwenye kipandikizi asiingizwe kwenye mashine ya MRI kabla wahudumu hawajaiona kadi hiyo na kuwasiliana na waliompasua.

Msisubiri kesho

Homa kali, shingo ngumu, kutapika, kuogopa mwanga: huenda ni homa ya uti wa mgongo, na wenye vipandikizi wako katika hatari zaidi ya kuipata. Nendeni hospitali hata kama ni usiku. Kenya huwachanja watoto dhidi ya nimokoka, bakteria mmojawapo anayeleta homa hiyo, tangu 2011. Hakikisheni kadi ya kliniki imejazwa na ulizeni kama anahitaji dozi zaidi. Ngozi chini ya sumaku ikiwa nyekundu, ikivimba au ikichubuka, vueni kifaa na muone mtaalamu. Huenda sumaku inabana mno. Sikio likiuma au likitoa usaha, msitie mafuta wala maziwa. Akiangukia upande wa kipandikizi, apelekwe akaangaliwe.

Lugha ya alama isitupwe

Usiku kifaa kikiwa kwenye kopo, mtoto huyo ni kiziwi. Ndivyo alivyo pia bafuni, mtoni na siku betri imekwisha. Atawaambiaje kwamba tumbo linauma? Lugha ya Alama ya Kenya imetajwa katika Katiba ya 2010, na si ishara ya kushindwa. Familia nzima ijifunze, ndugu zake kwanza.

Daftari la kliniki

Mtaalamu hurekebisha viwango vya sauti mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza, na mtoto mdogo hawezi kumweleza vizuri. Nunueni daftari. Andikeni harage liliitikia sauti zipi, alivaa saa ngapi, kelele gani ilimfanya afumbe macho au ashike kichwa. Andikeni pia, kwa tarehe yake, sauti ya kwanza aliyoigeukia bila mtu kumwonyesha.