SOMO LA MWEZI: Nani Alishe Wanyama Wakati wa Guma mu Rugo?



Unaikumbuka Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alijulikana Rwanda tarehe 14, na usiku wa tarehe 21 ikaanza Guma mu Rugo. Kutoka nyumbani kukawa kwa jambo la lazima tu: chakula, hospitali, benki. Safari za kati ya wilaya zilikatazwa, na pikipiki zikaruhusiwa kubeba mizigo, si abiria. Kigali ilifungwa tena Januari na Julai 2021.

Amri ilikuwa ya kuokoa watu, wala hatuilaumu. Lakini tumbo la mnyama halifungwi. Ng'ombe wa zizini hula anacholetewa, na mbwa wa ulinzi aliyefungiwa kiwandani ni vivyo hivyo. Basi swali ni la mtu kwanza: nani atatoka kumlisha, kwa kibali gani na kwa mshahara gani? Kibarua wa siku asipoitwa kazini hana unga wa watoto wake, sembuse chakula cha mbwa.

Tazameni hifadhini. Machi hiyo utalii ulisimamishwa Volkano, Nyungwe na Gishwati-Mukura, kwa sababu gorila huweza kuambukizwa na mtu maradhi ya mapafu. Wageni walizuiwa, lakini kazi ya kuwalinda na kuwatibu gorila ilikuwa lazima iendelee. Kwa jirani zetu Uganda, Juni 2020, jangili alimwua Rafiki, gorila dume wa Bwindi, akafungwa miaka 11.

Sasa chanjo. Nchi nyingi zilisimamisha kampeni za kuchanja mbwa mwaka huo. Kichaa cha mbwa hakina haraka: mbwa aliyepitwa na chanjo hubaki hatari hata geti likifunguliwa, na anayeng'atwa ni mlinzi wa zamu ya usiku, si mkurugenzi. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni vigumu mno kupona. Ukiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje ruhusa ya msimamizi.

Ya kujadili tawini: mahali penu pa kazi, nani hulisha mbwa au ng'ombe, na je, mkataba wake unamtaja? Mbwa walichanjwa lini? Kadi za chanjo ziombwe ofisini kabla ya mkutano.